Jinsi Kidole cha Mzee Humadi Kilivyohamia Bara

Niliondoka nyumbani kwangu Quakers Hill kwenda Bankstown kwa sababu mbili, na ni moja tu iliyoandikwa kwenye kibali. Iliyoandikwa ni kwamba mimi ni muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na kwa kuwa wenzetu wa upande wa Bankstown walikuwa wamewekwa karantini, ofisi ilihitaji mtu wa kwenda kufunga vidonda. Ambayo haikuandikwa ni kwamba nilikuwa nakwenda kuposa.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka wa pili wa Korona. Australia, nchi iliyozungukwa na bahari pande zote, ilikuwa imefunga milango: haingii mtu, hatoki mtu, ila kwa ruhusa. Halafu Sydney nayo ikakatwa vipande. Sisi wa magharibi tulikatazwa kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni kwetu. Mdogo wangu Rajabu, anayepanga bidhaa kwenye rafu za duka moja kubwa, alikuwa amepanga chumba Rooty Hill. Mpenzi wake Sitti, binti wa Kingazija, alikuwa kwa wazazi wake Bankstown. Kwa gari ni mwendo wa chini ya saa moja. Mwaka ule ulikuwa kama mwendo wa kwenda mwezini.

Wazee wetu wa Temeke walikuwa wameshampigia simu ya video baba yake Sitti, Mzee Humadi. Aliwasikiliza kwa adabu, akawauliza habari za Dar es Salaam, kisha akasema kwamba kwao posa haiji kwa simu. Aje mtu mwenye miguu, akanyage zulia lake.

Hapo ndipo nilipoletewa orodha ya wagonjwa wangu wa Jumatano. Wa kwanza: Humadi, mwanamume, kisukari, kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikampigia Mjomba Shomari huko Temeke, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki.

"Nani kati yenu anaruhusiwa kuvuka?" akauliza.

"Mimi tu, mjomba. Nina kibali cha kazi."

"Basi wewe ndiye mshenga."

"Mimi mwanamke, mjomba. Halafu nakwenda kama muuguzi. Ofisi haipendi tuchanganye mambo."

"Usichanganye. Funga kidonda, nawa mikono, kisha posa."

Saa mbili asubuhi nikawasha gari. Kiti cha nyuma nilipakia sanduku la dawa, bandeji na maboksi ya glavu. Kiti cha mbele niliweka kapu la posa: halua, udi, na doti ya kanga niliyokuwa nimeitunza tangu nilipotoka nyumbani. Nilipita barabara kuu ya M4 iliyokuwa tupu kama siku ya uchaguzi, kisha nikashika Woodville Road kuelekea kusini. Hapo askari akanisimamisha. Alisoma kibali changu mara mbili, akachungulia kiti cha mbele.

"Na hiki nini?"

"Halua. Ni kitu kitamu."

"Ni ya mgonjwa?"

"Mgonjwa ana kisukari," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli, ingawa halikujibu swali. Akafikiri kidogo, akanipungia mkono nipite.

Saa tatu kasorobo nikaingia Bankstown. Mahali ambapo siku zote hupati pa kuegesha gari, nilipata nafasi kumi na mbili za kuchagua, nikashindwa kuchagua. Maduka yalikuwa yamefungwa, na helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya barabara iliyokuwa na njiwa watatu na mimi. Nikavaa aproni ya plastiki, barakoa na ngao ya uso, nikachukua sanduku mkono huu na kapu mkono huu, nikabonyeza kengele ya fleti yao.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Moina, mkewe Mzee Humadi.

"Muuguzi."

"Muuguzi tu?"

Nikasita. "Muuguzi na mgeni."

"Muuguzi apande. Mgeni asubiri kwenye ngazi."

Nikapanda hadi mlangoni na nikasubiri palepale, kwa sababu sikuona namna ya kufanya kimoja bila kingine. Ilipita robo saa. Jirani aliyekuwa akishuka na mfuko wa taka aliniona nilivyovaa, akarudi ndani na taka zake.

Mlango ulipofunguliwa, nilimkuta mzee amekaa kwenye kochi, koti juu ya kanzu, kofia ya Kingazija kichwani, mguu wa kulia juu ya stuli. Mezani Sitti alikuwa kwenye mkutano wa kazi kwa kompyuta. Aliponiona alifumba macho kwa furaha na hofu, akaweka kidole mdomoni. Ikabidi posa yote ifanywe kwa kunong'ona, ili mameneja wake wasisikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikampa kapu kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema tena, maana Wangazija kwa neno hilo hushukuru. Sikujua kama nimesalimu mara mbili au nimeshukuriwa mara mbili. Akafunua kapu, akaiona halua, akaitazama kama mtu anayemwona rafiki aliyekatazwa kuonana naye. Bi Moina akaichukua, akaenda kuifungia kabatini.

"Nimekuweka kwenye ngazi," akaninong'oneza mzee. "Usidhani ni dharau. Miaka ishirini nilikuwa naagiza vitunguu na ng'ombe kutoka kwenu Dar hadi kwetu Moroni. Meli ikionekana kwa mbali, mji mzima unaitaka. Lakini mwenye meli akikuona unakimbilia gatini, umekwisha. Atakuuzia vilivyooza. Kwa hiyo tunakaa, tunakunywa kahawa, tunafanya kama hatujaiona."

"Na wakati huo vitunguu nyumbani vipo?"

"Viliisha wiki mbili nyuma! Voilà, ndiyo hivyo." Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Ninyi wa bara mkigombana na jirani, mnapita njia nyingine. Sisi jirani akinuna, chungu kinapikwa bila kitunguu. Ndiyo maana tuna adabu nyingi na kiburi kingi, vyote kwa pamoja. Hawa Waaustralia nao wamekaa kisiwani muda wote huu wakidhani wako bara. Mwaka huu ndio wamegundua, tazama wanavyohangaika."

Nikapiga magoti, nikafungua bandeji. Kicheko kikaniisha. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo, na wekundu ulikuwa umeanza kupanda mguuni. Kwa harufu ile, hata barakoa mbili zisingenificha kitu.

"Baba, hiki kinataka hospitali. Leo hii, si kesho."

"Tuanze na posa."

"Tuanze na kidole."

Akanitazama mikononi. "Umevaa glavu. Basi wewe ni muuguzi, na muuguzi nimeshamkatalia. Hata yule wa wiki iliyopita nilimkatalia. Vua, niongee na mtu wa Temeke."

Nikamfunika kidonda kwa bandeji safi, nikavua glavu, nikanawa, nikakaa sakafuni, pembeni mwa zulia. Mjomba Shomari alikuwa amenipa maneno ya kusema, marefu, yenye ukoo na heshima. Sikuyasema. Nikauliza tu, "Baba, kwa nini hutaki kwenda?"

Mezani mtu wa kwenye kompyuta alikuwa akieleza jambo la bima kwa sauti ya kulala.

"Kwetu," akasema, "mgonjwa akiambiwa avuke ng'ambo, mkewe anaanza kufua shuka nyeupe. Baba yangu alivuka kwenda Dar kutibiwa figo. Mimi sikuweza kwenda naye, nilikuwa na mzigo gatini. Hatukuwa na mtu huko. Alifikia gesti, peke yake, lugha yenyewe hajui vizuri. Alirudi ndani ya sanduku, na meli iliyomleta ilikuwa ileile niliyokuwa nikiingojea, imebeba vitunguu vyangu. Nilimpokea juu ya magunia. Nikayahesabu magunia kwanza, binti yangu. Wallahi, mikono ilianza na magunia, ndipo nikaona sanduku."

Bi Moina alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi. Nadhani hata yeye hakuwahi kulisikia lile la magunia.

Nikamwambia kitu ambacho hakikuwa kwenye maneno ya mjomba. Mama yetu, pale Temeke, alikuwa akipokea wagonjwa wa Kingazija. Walikuwa wakishuka melini na karatasi ya daktari, hawajui hata hospitali iko upande gani, na mtu fulani anawaelekeza kwetu. Chumba cha uani kilikuwa chao. Mimi na Rajabu tulikua tukilala sebuleni kwa sababu ya figo na macho ya watu wa Moroni. Wengine walipona, wakatutumia vanila. Wengine hawakupona, na mama alikaa nao mpaka mwisho.

"Baba yangu hakumpata mama yako," akasema mzee.

"Hakumpata, baba."

"Sikatai kukatwa kidole. Nakataa kulala mahali nisipo na mtu. Na siku hizi Korona imewakataza hata wake kufuatana na waume zao."

Hapo Sitti alizima kipaza sauti cha kompyuta na kugeuka, machozi tayari. "Dad, you're going!"

"Huyu Kiswahili anakielewa chote," akaniambia mzee, "ila hasira zake ni za Kiingereza."

Nikaita gari la wagonjwa. Liliposimama chini, wahudumu wawili walipanda wamevaa kama mimi, tukawa kama watu wa meli moja. Mmoja akaongea kwa redio, kisha akatueleza kwamba hospitali za karibu zimejaa, na kitanda cha upasuaji kimepatikana huko magharibi, upande wa Rooty Hill. Mke haruhusiwi kupanda. Mzee alikamata mkono wa kochi.

"Rooty Hill ni wapi?"

"Ni kwetu," nikasema. "Bara."

"Mna mtu huko?"

"Tunaye. Ndiye huyohuyo anayemtaka binti yako."

Mhudumu akaangalia saa. Bi Moina akasema kwa Kingazija maneno mafupi, makali, ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mzee akaachia kochi. "Bon, haya," akasema. "Mwambieni asije na viatu vya mpira. Nisimwone na viatu vya mpira."

Saa nne na nusu, nikiwa ndani ya gari, nilimpigia msimamizi wangu kumwambia kwamba mgonjwa wa kwanza amepelekwa hospitali na kwamba sitaweza kumhudumia tena, kwa kuwa huenda ni ndugu yangu.

"Ndugu yako tangu lini?"

"Tangu kama saa moja iliyopita."

Alivuta pumzi, akasema niandike hayo yote kwenye fomu. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza uhusiano kwa maneno yasiyozidi kumi. Niliandika, "Amekubali kukatwa kidole kwa sharti la mkwe." Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Rooty Hill, Alhamisi. Kidole kilikatwa jana yake jioni, na mguu ukanusurika kukatwa. Hospitali ilikuwa kilomita tatu na nusu kutoka mlangoni kwa Rajabu, na sheria iliruhusu mtu kutoka kwa mazoezi. Basi mdogo wangu alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi, kofia, na makubadhi kwenye baridi ile, akatembea. Askari wa baiskeli walimsimamisha njiani.

"Unakwenda wapi?"

"Nafanya mazoezi."

"Kwa nguo hizo?"

"Ni mazoezi ya kuposa," akasema Rajabu, na akawaeleza yote, kwa kuwa ni mtu asiyejua kufupisha. Wale askari walimsindikiza hadi kwenye kona, wakimshauri jinsi ya kusimama.

Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama ng'ambo ya uzio, kwenye majani, akahesabu madirisha hadi ghorofa ya nne, akapunga mkono. Dirishani mtu akampungia. Rajabu akainama kwa heshima, akaweka mkono kifuani. Siku tatu alifanya hivyo, asubuhi na alasiri, na siku ya tatu yule wa dirishani akambusia hewani. Ndipo Mzee Humadi aliponipigia simu akiwa amekasirika.

"Kijana wenu haji!"

"Baba, anakuja kila siku, mara mbili!"

Tukachunguza. Rajabu alikuwa amehesabu ghorofa ya chini kuwa ya kwanza, kama anavyohesabu rafu za dukani kwao, na Waaustralia hawaihesabu. Siku tatu zote alikuwa akimposa bibi mmoja wa Kivietinamu wa ghorofa ya tatu, aliyevunjika nyonga. Siku ya nne alipandisha macho dirisha moja juu. Mzee alikuwa pale, kofia kichwani. Akamtazama chini hadi miguuni, akaona makubadhi, akainua kidole gumba cha mkono. Bibi wa ghorofa ya tatu, akidhani ameachwa, alivuta pazia. Kuanzia siku hiyo Rajabu aliwapungia wote wawili.

Jumatatu hospitali ikapiga simu kwa Rajabu, kwa kuwa mzee alikuwa ameandika jina lake kwenye mstari wa mtu wa karibu. Kidole kipo, wanataka kujua kifanywe nini. Mzee alitaka kizikwe, kama inavyotakiwa kwa kiungo cha Mwislamu. Bankstown hakuna aliyeweza kuvuka. Tukaenda mimi na Rajabu, tukakabidhiwa kopo jeupe lenye kifuniko chekundu, tukalipeleka kwenye makaburi ya jirani. Mwanamke wa ofisini pale, mpole sana, akatoa fomu ya mazishi.

"Waombolezaji wasizidi kumi."

"Tuko wawili."

"Jina la marehemu?"

"Humadi. Ila hajafariki," akasema Rajabu.

Mwanamke akaweka kalamu chini. "Yuko wapi?"

"Ghorofa ya nne, anakula jeli."

Alikwenda kumpigia mkubwa wake, akarudi, akatuomba radhi kwa kuwa fomu haikuwa na kisanduku cha hali yetu, akaandika kwa mkono wake pembeni. Tukachimbiwa kashimo kadogo kwenye upande wa Waislamu, chini ya uzio. Rajabu alikifunga kidole kwa kitambaa cheupe, akakiteremsha kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilipoona uso wake sikuweza. Alikuwa akilia kidogo, na aliponiona akasema, "Ni mkwe wangu, dada. Hata kama ni kidogo."

Siku ya nane mzee akaruhusiwa kurudi. Magari ya wagonjwa yalikuwa hayatoshi, hospitali ikanipa barua ya kumsafirisha mimi mwenyewe kama mtu wa kumhudumia. Aliketi nyuma na kiti cha mbele akakiacha kitupu, kwa ajili ya umbali. Tulipoingia M4 nikampa karatasi ya makaburini. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti Kiingereza cha yule mwanamke, akakitafsiri.

"Humadi. Sehemu ya kwanza." Kisha akaanza kucheka, safari hii kwa sauti yote, mpaka akashika mguu kwa maumivu. "Sehemu ya kwanza! Zilizobaki zisiwe na haraka!"

Tulikaribia Villawood ndipo aliposema tena, akiangalia nje. "Baba yangu alikwenda bara mzima, akarudi amekufa. Mimi nimeacha kipande, nimerudi mzima. Sijui hesabu hiyo nani kaipanga." Halafu akauliza kama kweli kijana alilia.

"Alilia, baba."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole."

Saa saba mchana, mlangoni mwa fleti, Bi Moina alimpokea mumewe kwa kumgombeza kuhusu soksi. Sitti hakuwa kwenye mkutano wowote. Mzee akakaa kwenye kochi lake, akavuta pumzi, akaniambia nikanyage zulia. Nikakanyaga. Akasema amekubali, harusi itakuwa siku watu watakaporuhusiwa kuvuka, na kwamba hadi wakati huo Rajabu awe anapita kuangalia kaburi, majani yasiote. Sitti alisema ndiyo kwa Kiswahili, mara mbili, kabla hajaulizwa.

Nilirudi Quakers Hill peke yangu, kwa barabara ileile tupu. Nilikuwa nimekwenda nikidhani safari yangu ni ya kuwaunganisha watoto wawili, na kwamba mzee ni kizuizi cha njiani. Nilichojifunza ni kwamba mtu wa kisiwani hana ugomvi na ng'ambo. Anaihitaji kila siku ya maisha yake, na kwa sababu hiyo anaiogopa. Anachotaka ni kitu kidogo sana, kwamba siku atakaposhushwa upande wa pili pawe na mtu mmoja anayemsubiri kwa jina lake. Mwaka ule sote tulikuwa watu wa visiwani, kila mmoja na kilomita zake tano, na nilipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, nilimpigia mama huko Temeke. Sikumwambia habari za posa kwanza. Nilimwuliza majina ya wale wagonjwa wa chumba cha uani, na akayataja yote.